Hisabati Katika Vyuo vya Hoteli: Nani Ashike Daftari?



Iko fikra iliyoenea nchini kwamba kazi ya hoteli ni kazi ya mikono na tabasamu. Mzazi ambaye mwanawe hakufanya vizuri katika mtihani wa kidato cha nne, na hasa katika somo la Hisabati, hushauriwa na majirani ampeleke katika chuo cha hoteli, kwa kuwa huko, wasemavyo, hakuna hesabu. Kijana naye huingia chuoni akiwa na furaha ya mtu aliyeponyoka. Hujifunza kutandika kitanda, kupanga uma na visu, kukata vitunguu kwa kasi na kumsalimu mgeni kwa lugha mbili tatu. Hayo yote ni ya lazima, wala hakuna sababu ya kuyadharau. Lakini baada ya miaka kumi kijana huyo hukutwa bado amesimama mlangoni na sinia mkononi, huku mtu aliyekuja juzi, ambaye pengine hawezi hata kukaanga yai, ndiye anayeamua bei ya chakula, idadi ya wafanyakazi, na nani apunguzwe kazi msimu wa masika wageni wanapoadimika.

Tofauti iliyopo baina ya watu hao wawili haitokani na bidii, kwani mara nyingi mwenye sinia ndiye anayetoka jasho zaidi. Tofauti ni kwamba mmoja ameshika daftari na mwingine hajui kulisoma. Mazungumzo haya yanahusu daftari hilo.

Suala lenyewe si geni katika nchi yetu. Mwaka 1970 ulizuka mjadala mkali katika gazeti la The Standard la Dar es Salaam, ulioanzishwa na Umoja wa Vijana wa TANU wa Chuo Kikuu, juu ya nafasi ya utalii katika nchi iliyochagua siasa ya Ujamaa. Michango ya mjadala ule ilikusanywa na Issa Shivji katika kitabu Tourism and Socialist Development, kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1973. Wako waliouliza kama fedha za kigeni zitakazopatikana zitalipa gharama zake, na wakahofia kwamba wananchi watageuzwa kuwa watumishi wa wageni. Wako waliojibu kwamba nchi maskini haina uwezo wa kuzikataa fedha hizo. Katika miaka hiyo hiyo hoteli za umma zilikuwa zikijengwa Seronera, Lobo na ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro. Majengo yalisimama, lakini wananchi wenye ujuzi wa kuyaendesha walikuwa wachache, na baadhi ya hoteli za umma zikaendeshwa kwa mikataba na makampuni ya nje.

Hofu ile ya utumwa mpya ilijadiliwa kwa lugha ya siasa na ya maadili, nayo ilistahili kujadiliwa hivyo. Hata hivyo lilikuwapo jambo la kawaida mno, ambalo pengine kwa ukawaida wake halikupewa uzito: mtu asiyejua gharama ya sahani anayoibeba hawezi kuwa bwana wa nyumba anamofanyia kazi, hata nyumba hiyo ikiwa mali ya umma. Atahitaji daima mtu wa kumwambia kama nyumba inapata faida au inakufa.

Tuchukue samaki. Jiko la hoteli moja ya pwani linanunua changu kwa shilingi 12,000 kwa kilo, na kila sahani hupewa gramu 180 za minofu. Mwanafunzi aliyekariri kanuni atazidisha gramu 180 kwa bei hiyo na kupata shilingi 2,160. Amekosea, na kosa lake si la kuzidisha. Samaki aliyenunuliwa ana kichwa, magamba, matumbo na miiba. Tuseme baada ya kuparwa na kuchunwa, katika kila kilo moja inabaki minofu ya gramu 450, yaani asilimia 45. Basi kilo moja ya minofu haikununuliwa kwa 12,000. Imenunuliwa kwa 12,000 kugawanya kwa 0.45, ambayo ni karibu shilingi 26,667, na sahani moja ina samaki wa shilingi 4,800. Kosa la kila sahani ni shilingi 2,640. Jiko likitoa sahani 40 kwa siku, kosa hilo ni shilingi 105,600 kwa siku, na kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 3,168,000.

Kosa haliishii hapo. Ikiwa hoteli imejiwekea kwamba gharama ya chakula isizidi asilimia 30 ya bei, yule mwanafunzi atapanga bei ya shilingi 7,200, ilhali bei iliyostahili ni 16,000. Wageni watafurika, mpishi atapigiwa makofi, mhudumu atapata bahashishi, na kila sahani itakayotoka itakuwa imekula theluthi mbili ya bei yake kabla mkaa, mishahara, maji na umeme havijalipwa. Mwisho wa mwaka utafika, sababu itatafutwa. Atatuhumiwa mtunza ghala kwamba ameiba samaki. Jambo la kusikitisha ni kwamba katika kazi hii watu waaminifu huweza kupoteza heshima zao kwa sababu ya sehemu ya mia iliyosahauliwa.

Somo la kugawanya kwa desimali hufundishwa tangu shule ya msingi. Linalokosekana ni kulifundisha mbele ya samaki mwenyewe, kwa mizani, kabla na baada ya kisu. Mwanafunzi aliyepima mwenyewe kichwa na miiba hatasahau kwamba alivilipia.

Mfano mwingine ni wa kodi. Kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani Tanzania Bara ni asilimia 18. Mgeni amelipa shilingi 118,000, kodi ikiwa ndani yake. Mpokezi anaulizwa kodi ni kiasi gani. Wengi huchukua asilimia 18 ya 118,000 na kujibu 21,240. Jibu sahihi ni 18,000, kwa sababu asilimia hiyo ilihesabiwa juu ya 100,000. Asilimia ni ya kitu fulani, na asiyeuliza "ya nini?" huwa hajajua chochote. Ingefaa maneno hayo mawili yaandikwe ukutani katika kila chuo cha hoteli, mahali palipozoea kubandikwa picha ya simba.

Yapo pia mambo yanayohitaji zaidi ya hesabu za kununua na kuuza, nayo ndiyo yanayoitwa takwimu. Hapa walimu wengi husita, wakidhani takwimu ni elimu ya Chuo Kikuu. Kwa hakika takwimu huanzia katika swali dogo la kila asubuhi: leo watakula watu wangapi?

Chukua hoteli mbili za kampuni moja. Ya kwanza ina vyumba 20 na vyote vimejaa. Ya pili ina vyumba 100 na vilivyojaa ni 40. Afisa mmoja anajumlisha asilimia 100 na asilimia 40, anagawanya kwa mbili, anaandika katika taarifa kwamba kwa wastani vyumba vimejaa kwa asilimia 70. Lakini vyumba vyote ni 120 na vyenye wageni ni 60, yaani nusu. Tofauti ya asilimia 70 na asilimia 50 ni tofauti ya kuajiri na kupunguza watu. Wastani wa wastani ni mtego wa zamani, na hauwanasi watu wa hoteli peke yao. Taarifa za wilaya zinazokusanywa kuwa taarifa za mkoa huingia humo humo, nao watumishi wa umma walio hapa wanalijua hilo vizuri.

Halafu iko imani kwamba hoteli iliyojaa ndiyo hoteli yenye afya. Hoteli ya vyumba 50 imeuza vyumba 45 kwa shilingi 80,000 kila kimoja. Imepata 3,600,000. Siku nyingine imeuza vyumba 30 tu, lakini kwa shilingi 130,000, ikapata 3,900,000. Kwa kila chumba kilichopo, kiwe kimelaliwa au hakikulaliwa, siku ya kwanza imeleta shilingi 72,000 na siku ya pili 78,000. Tena siku ya kwanza kulikuwa na vyumba 15 zaidi vya kufagiwa, mashuka ya kupelekwa kwa dobi, sabuni na maji ya moto. Wafanyakazi walichoka zaidi na nyumba ikapata kidogo zaidi. Wakuu wa hoteli duniani kote hupimwa kwa namba hiyo ya mapato kwa kila chumba kilichopo, wala si kwa wingi wa magari yaliyoegeshwa uani. Mfanyakazi asiyeijua hawezi hata kudai haki yake katika mazungumzo ya mishahara, kwa sababu ataambiwa kwamba biashara imekuwa mbaya naye hana la kujibu.

Wastani nao unaweza kudanganya hata ukihesabiwa sawasawa. Wageni kumi wamefika: wanane wamelala usiku mbili mbili, mmoja usiku nne, na mmoja, mtafiti wa ndege wa porini, amelala usiku 30. Jumla ni usiku 50, na wastani ni usiku tano kwa kila mgeni. Hakuna hata mgeni mmoja aliyelala usiku tano! Ukiwapanga kwa safu, aliye katikati amelala usiku mbili, na hiyo ndiyo namba ya kupangia mashuka na kifungua kinywa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Angalau wao walikuwa wakihesabu siku.

Sasa tufike katika jambo lililo gumu kidogo, nalo ni uwezekano. Kila hoteli huagiziwa vyumba na watu ambao baadaye hawatokei. Chumba kilichowekewa mtu asiyefika ni kama mkate uliochacha, kesho hauuziki. Kwa hiyo hoteli nyingi hupokea maagizo kuliko vyumba vilivyopo. Wengi hulaani desturi hiyo, na mgeni aliyefika usiku wa manane akaambiwa hana chumba ana haki ya kuilaani. Lakini iwe halali au iwe dhambi, ina hesabu yake.

Hoteli ina vyumba 60, na kumbukumbu zinaonyesha kwamba katika kila maagizo 100, matano hayatimizwi. Meneja anasema: kwa wastani watu watatu kati ya 60 hawatafika, basi tupokee maagizo 63. Hoja inapendeza. Tatizo ni kwamba wastani hauji kila siku. Ukihesabu kwa kanuni za uwezekano, na kuchukulia kwamba kila mgeni hufika au hukosa kufika bila kumtegemea mwenzake, utakuta kwamba ukipokea maagizo 63, karibu usiku 38 katika kila 100 utakuwa na angalau mgeni mmoja asiye na pa kulala. Ukipokea 62, ni karibu usiku 18. Ukipokea 61, ni karibu usiku nne. Agizo moja hubadili nyumba kutoka ya heshima kuwa ya fedheha, na hakuna tabasamu la mpokezi litakaloliziba jambo hilo. Mpokezi ndiye atakayetukanwa, na si meneja aliyelala.

Na hapo palipoandikwa "bila kumtegemea mwenzake" ndipo mwalimu mzuri atakaposimama kwa muda mrefu. Wageni wa Zanzibar waliopanda boti moja kutoka Dar es Salaam hawategemei bahati mbalimbali. Bahari ikichafuka boti isiondoke, hawafiki wote. Kundi la watalii 20 wanaosafiri kwa ndege moja ni bahati moja, si bahati 20. Kanuni iliyotumika juu huvunjika hapo, na mwanafunzi asipofundishwa inavunjika wapi, ni heri asingefundishwa kanuni yenyewe. Ndiyo sababu somo hili halifai kuachiwa mwalimu anayetoa mifano ya sarafu na dadu tu.

Orodha ya vyakula pia ina takwimu zake. Mwaka 1982 walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, Michael Kasavana na Donald Smith, walitoa njia ya kuichambua, ambayo mpaka leo hufundishwa katika vyuo vingi. Kila chakula huulizwa maswali mawili: kinaagizwa mara nyingi kiasi gani, na baada ya kutoa gharama ya vitu vilivyokipika kinabakiza shilingi ngapi. Ikiwa orodha ina vyakula kumi, fungu la haki la kila kimoja ni asilimia kumi ya maagizo, na kipimo cha kupendwa ni asilimia 70 ya fungu hilo, yaani asilimia saba. Chakula kinachopendwa na kubakiza fedha nyingi waliita nyota. Kinachopendwa lakini kinabakiza kidogo ni farasi wa kulima. Huku kwetu tungesema punda. Kinachobakiza nyingi lakini hakiagizwi ni fumbo. Kisicho na hiki wala kile walikiita mbwa.

Njia hiyo ina kasoro zake, mojawapo ikiwa kwamba haihesabu saa za mpishi. Biriani na chipsi zinaweza kubakiza shilingi sawa, moja ikiwa imemkesheza mtu na nyingine imemchukua dakika kumi. Lakini thamani yake kwa mwanafunzi ni kwamba inamtoa katika mazoea ya kusema "wageni wanapenda hiki" na kumlazimisha kuhesabu bili za siku 30 kabla ya kufungua kinywa.

Kwa upande wa taifa, ndugu walimu, tazameni idadi ya watalii waliofika Tanzania. Mwaka 2019 walikuwa 1,527,230. Mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa UVIKO-19, walishuka hadi 620,867. Mwaka 2021 walikuwa 922,692. Msomaji wa haraka ataona kwamba idadi ilishuka kwa asilimia 59 na kisha ikapanda kwa asilimia 49, na kwa kujumlisha na kutoa atadhani kwamba ilibaki pengo la asilimia kumi tu. La. Asilimia 59 ilikuwa ya watu milioni moja na nusu. Asilimia 49 ilikuwa ya watu laki sita. Mwaka 2021 nchi ilikuwa na asilimia 60 tu ya wageni wa mwaka 2019, na kurudi palepale kutoka shimoni kulihitaji ongezeko la asilimia 146. Ni mwaka 2023 idadi ya zamani ilipopitwa, walipofika wageni 1,808,205, na mwaka 2024 wakafika 2,141,895.

Ongezeko hilo ni la kujivunia, nalo linazungumzwa sana. Lakini aliyefundishwa takwimu ataendelea kuuliza. Katika hesabu hizi mtalii ni mtu wa nchi nyingine aliyelala nchini angalau usiku mmoja. Humo yumo aliyekuja kupanda Mlima Kilimanjaro, na yumo aliyekuja Mwanza kumwona shangazi yake. Je, wageni wanaoongezeka ni wa aina ipi, wanalala wapi na wanakula nini? Maswali hayo hujibiwa na uchunguzi wa wageni wanaoondoka, unaoendeshwa kwa pamoja na wizara inayohusika na utalii, Benki Kuu, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Idara ya Uhamiaji na Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Wageni huulizwa katika viwanja vya ndege na mipakani kabla ya kuondoka, na hawaulizwi wote; huchukuliwa sampuli. Taarifa zake hutolewa wazi. Ni hoteli ngapi, hasa hizi za wananchi wenye vyumba kumi na tano, ambazo humo ndani yuko mtu mmoja anayeweza kuisoma taarifa hiyo na kusema inamaanisha nini kwa mwezi wa Aprili? Kampuni kubwa za nje zina watu hao.

Nchi zilizotangulia hazikufika hapo kwa ajali. Chuo cha hoteli cha Lausanne, Uswisi, kilianzishwa mwaka 1893 na Jacques Tschumi, mtu wa hoteli mwenyewe. Mwaka 1922 Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kilianza kufundisha uendeshaji wa hoteli kama elimu ya shahada. Mwaka 1926 wenye hoteli wa mji wa New York walitoa utaratibu mmoja wa kuandika hesabu za hoteli, ili nyumba moja iweze kulinganishwa na nyingine. Angalieni mpangilio wa mambo hayo: katika muda wa miaka michache ufundi ukawa elimu, na elimu ikataka vipimo vinavyolingana. Afrika Mashariki nayo ilianza mapema. Kenya ilianzisha Chuo cha Utalii, Nairobi, mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, kikiwa na hoteli yake ya mafunzo. Tanzania inacho Chuo cha Taifa cha Utalii chenye kampasi Dar es Salaam na Arusha. Kuna chuo cha VETA cha hoteli na utalii huko Njiro, Arusha. Na Zanzibar somo hili linafundishwa katika Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA. Tena Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la mwaka 2023, imefungua mkondo wa amali katika shule za sekondari, kwa hiyo vijana wataanza kuzifahamu kazi kama hizi mapema zaidi. Vyuo basi vipo, na milango inafunguliwa. Shaka iko katika kile kinachofundishwa saa ya Hisabati.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi kompyuta hufanya yote. Ni kweli kwamba mashine ya mapokezi hutoa bili, hukata kodi na huchora michoro ya rangi. Lakini mashine iliyoambiwa kwamba kilo ya changu hutoa kilo ya minofu itaamini, na itarudia kosa hilo kwa usahihi mkubwa kila siku mpaka hoteli ifungwe. Mashine pia ndizo zinazopanga bei za vyumba zinazobadilika usiku na mchana katika mitandao ya kuuzia vyumba. Anayeziamuru yuko mbali, na anayezitii bila kujua sababu yuko hapa. Huko ni kurudi kwenye sinia kwa njia nyingine.

Hoja nyingine ni nzito zaidi na haifai kupuuzwa. Wanafunzi wenyewe wanakuja wakiwa wameumizwa na somo hili. Katika kila mwaka kuanzia 2017 hadi 2024, waliofaulu Hisabati ya kidato cha nne hawakufika hata theluthi moja ya waliofanya mtihani. Ukimpa kijana wa namna hiyo kitabu kile kile kilichomshinda, kwa ubao ule ule, utapata matokeo yale yale. Watasema walimu kwamba hana kichwa cha hesabu. Lakini kijana huyo huyo ametumwa dukani tangu ana miaka sita. Bibi yake alipima mchele kwa kibaba, akijua kwamba vibaba viwili ni kisaga na visaga viwili ni pishi, na hizo ni sehemu za robo na nusu zisizohitaji chaki. Mama wa jirani anayepika pilau ya harusi ya watu mia tatu huongeza mchele, nyama na mafuta kwa uwiano, na anajua pia, bila kufundishwa na mtu, kwamba maji na chumvi haviongezwi kwa uwiano ule ule, kwa sababu sufuria kubwa haipotezi mvuke kama sufuria ndogo. Kutoka hapo mpaka kwenye milinganyo si mbali kama inavyodhaniwa.

Lugha nayo ina sehemu yake. Mwanafunzi akiulizwa swali la maneno kwa Kiingereza juu ya sahani, kodi na punguzo, mara nyingi hushindwa kusoma kabla hajashindwa kuhesabu. Asilimia, wastani, uwiano, sampuli na makadirio ni maneno yaliyokomaa. Hakuna hasara mwalimu akilieleza jambo kwa Kiswahili hadi likaingia, ndipo akampa mwanafunzi maneno ya Kiingereza atakayokutana nayo katika mashine na mikataba. Kiingereza atakihitaji, hilo halina ubishi. Lakini kikiwekwa kuwa mlango wa hesabu, wengi watabaki nje ya vyote viwili.

Linalotakiwa halihitaji fedha nyingi. Kila chuo cha hoteli kina jiko, na vingi vina chumba cha kulia chakula ambamo wanafunzi huwahudumia watu wa nje. Bili za chumba hicho ni takwimu halisi zilizolala katika makasha. Mizani ya jikoni ipo. Mtihani wa upishi unaweza kutoa alama kwa karatasi ya gharama kama unavyotoa kwa ladha, na mwanafunzi aliyepika vizuri lakini hajui amepika kwa shilingi ngapi asihesabiwe kuwa amemaliza. Inasikitisha kwamba katika vyuo vingine mwalimu wa Hisabati na mwalimu wa upishi hupishana ukumbini bila kuulizana kitu. Mmoja anafundisha asilimia kwa mifano ya matreni, mwingine anatupa mabaki ya samaki bila kuyapima. Wakuu wa vyuo wanaweza kuwakutanisha bila kusubiri waraka kutoka Dodoma.

Ambaye ana kazi kubwa zaidi ni mwalimu wa Hisabati mwenyewe, kwa maana wengi hawajawahi kuingia katika ghala la hoteli. Likizo ya Desemba ni wakati ambapo hoteli nyingi za pwani na za kaskazini zina wageni wengi. Mwalimu akae humo wiki mbili: asubuhi ghalani mizigo ikipokelewa, mchana jikoni, usiku mapokezi wakati siku inapofungwa na mahesabu yanapolinganishwa. Aombe nakala za karatasi za mwezi mmoja uliopita, majina ya wageni na ya wafanyakazi yakiwa yamefutwa. Muhula wa Januari ukianza, karatasi hizo ndizo ziwe maswali ya darasa, na jibu la kwanza kutafutwa liwe kilo ngapi za changu zilinunuliwa na sahani ngapi ziliuzwa.